Nilisema Karibu, Naye Akaketi

Ghorofa ya 14,
Thorncliffe Park,
Toronto, Kanada.

Jumapili, 3 Mei 2026

Wifi yangu mpendwa Razia,

Salaamun alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto limekubali kuinama tena wakati wa sala. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia kabla ya Ramadhani ilikusaidia, au umewagawia majirani kama ulivyoigawa ile ya mwanzo? Nakujua. Na shemeji Kazim presha yake ikoje? Mwambie apunguze chumvi, na asijifanye hasikii. Katika nyumba hiyo mwenye ruhusa ya kutosikia ni wewe peke yako.

Mimi hapa ni mzima, alhamdulillahi. Miguu inaniuma leo, lakini ni maumivu ya halali na nitakueleza yametoka wapi. Baridi imekwisha. Theluji ya mwisho ilianguka wiki mbili zilizopita tukadhani tumerogwa, kisha ghafla jua likatoka, na watu wa hapa wakavaa kaptula kana kwamba wako ufukweni Raskazone. Mimi bado nina sweta mbili.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu siku hizi tunapigizana kelele tu, mimi nauliza hili na wewe unajibu lile. Navroz, mtoto wa jirani yangu Zahira, anasafiri keshokutwa kwenda Dar, naye ameahidi kuipakia barua hii kwenye basi la Tanga. Ikikufikia imekunjwa vibaya, lawama ni zake.

Katika barua yako uliniuliza kama nimeshaamua juu ya kuhama. Nilikuwa sijaamua. Jambo hilo limeamuliwa jana, Jumamosi, na ndiyo sababu nimechukua karatasi nyingi hivi.

Ngoja nianzie mwanzo, maana mengine sikukwambia. Januari niliweka sufuria ya choroko jikoni, nikakaa kwenye kochi kupumzisha mgongo, usingizi ukanichukua. Choroko zikaungua, king'ora kikalia, na jengo zima la ghorofa kumi na nane likateremka ngazi hadi nje kwenye theluji, wengine na kandambili, wengine na watoto wamewafunga mablanketi. Wazima moto walikuja na magari matatu kwa ajili ya choroko zangu. Nilitamani ardhi inimeze. Kwa wiki nzima kila nikipanda lifti nilikuwa natazama viatu vyangu.

Tangu siku hiyo Hussain hakunipa raha. Mwanangu huyo unamjua, akishika jambo halegezi. Akasema siwezi tena kuishi peke yangu, nihamie kwake Brampton, nyumba ina vyumba vinne na yeye yumo peke yake tangu alipoachana na Shazia na watoto wakaenda na mama yao Ottawa. Wenye jengo letu wanataka taarifa kama nahama kabla ya mwisho wa mwezi huu wa Mei. Kila akija kuniletea dawa anasimama pale mlangoni, funguo za gari mkononi, ananiuliza nimeamuaje. Namwambia karibu ule kwanza. Anasema, "Nimeshakula, Ma." Anaondoka.

Wifi, mimi sitaki kuhama. Nimekwambia wewe tu kwa maneno hayo. Nyumba hii ni ndogo, dirisha la jikoni halifungi vizuri, lakini bucha la halali liko hapo chini, zahanati iko ng'ambo ya barabara, na Zahira anaingia bila kubisha hodi. Huko Brampton hata chumvi ikiisha inabidi mtu akupeleke kwa gari. Ningekaa kwenye nyumba ya vyumba vinne kutwa nzima nikisubiri gari lirudi.

Lakini hoja ya Hussain ilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo iliyoniuma. Alisema sijawahi kwenda mahali popote katika mji huu bila baba yake. Kweli. Kaka yako Akberali, Mungu amrehemu, alinitembeza Toronto miaka kumi na moja, yeye mbele na mimi nyuma yake hatua mbili, natazama mgongo wa koti lake la kahawia. Aliposimama nilisimama. Mji huu wote mimi naujua kwa mgongo wa koti. Na tangu afariki, miaka mitatu sasa, nimekuwa naenda msikitini na kwa daktari tu, na huko kote napelekwa.

Basi majuma mawili nyuma Hussain akanitolea mfano. Kila mwaka mwezi kama huu, kwenye bustani moja kubwa upande wa magharibi iitwayo High Park, miti ya Kijapani inachanua, na mji mzima unakwenda kutazama. Akasema, "Ma, wewe huwezi hata kufika High Park peke yako ukarudi." Nikamwambia tuwekeane sharti. Nitoke Jumamosi asubuhi, nifike kwenye maua, nirudi mlangoni kwangu kabla ya Magharibi, na nisimpigie simu yeye wala mtu mwingine yeyote. Nikiweza, habari ya kuhama isitajwe tena. Nikipiga simu hata mara moja, nafunga mizigo. Alicheka, halafu akaona mimi sicheki. Na usianze kuniambia kamari ni haramu, hakuna aliyeweka pesa.

Jana nikaamka kabla ya alfajiri. Nikasali, kisha nikaingia jikoni. Nikakaanga katlesi ishirini, nikapika mkate wa kumimina mmoja, nikasaga chatne ya ukwaju, nikajaza chai ya tangawizi kwenye chupa. Usiniulize mtu mmoja chakula chote hicho cha nini. Aliyenifunza jiko ni mama yako, na alikuwa akisema mtu hatoki nyumbani na chakula cha kumtosha yeye peke yake, ni aibu. Nikachukua na ule mkeka wa ukili ulionitumia mwaka jana, nikaukunja na kuufunga kwa kipande cha khanga. Zahira aliponiona kwenye lifti na mkeka kwapani aliniuliza kama nahama leo leo. Nikamwambia naenda kuuhakikishia ulimwengu kwamba sihami.

Basi la kutoka kwetu linakufikisha stesheni inayoitwa Pape, na hapo unateremka chini ya ardhi kupanda treni. Zahira alikuwa amenieleza: mstari wa kijani, kuelekea magharibi, vituo kumi na sita. Sasa mimi macho yangu na yale maandishi yanayokimbia hayapatani. Nikatoa tasbihi, kila treni ikisimama naachia punje moja. Kijana mmoja aliyekaa mbele yangu akainamisha kichwa kwa heshima akidhani niko kwenye uradi. Sikumsahihisha. Karibu na mwanzo treni inatoka ghafla nje, juu kabisa ya bonde, na chini unaona miti imeanza kutoa majani mabichi na mto mdogo unapita katikati. Kila nilipopita hapo na Akberali nilikuwa nakaa upande wake wa ndani. Jana nilikaa dirishani.

Punje ya kumi na sita, nikashuka. Nilipoona jina la kituo ni lenyewe nilifurahi hata nikamsalimia mfagiaji.

Maua, wifi! Sijui nikueleze vipi. Ni miti mingi, matawi yote yamefunikwa, jani hakuna, maua tu, meupe yenye wekundu wa mbali kama ukucha wa mtoto mchanga. Upepo ukivuma kidogo yanadondoka juu ya vichwa vya watu. Na watu! Maharusi wawili wamekuja na nguo zao kupigwa picha, vikongwe kwenye viti vya magurudumu, watoto, Wachina, Wasomali, Wahindi, kila kabila la dunia, wote wamenyanyua simu juu. Nikasogea nikanusa. Hayana harufu hata kidogo. Asumini moja ya uani kwako inayashinda yote, na nimesema hivyo kwa sauti, mama mmoja akanigeukia.

Lakini nililia, sitakuficha. Kila mwaka Akberali alikuwa akisema tutakwenda, kisha kazi, kisha mvua, kisha mwaka kesho. Nilisimama chini ya mti mmoja nikamwambia, haya, nimefika, na wewe hukunitangulia safari hii. Kisha nikajipiga picha ya ushahidi. Imetoka nusu uso na kidole, lakini maua yanaonekana.

Njaa ikanishika. Nikatafuta mahali pa wazi kwenye nyasi, mbali kidogo na msongamano, nikatandika mkeka, nikavua viatu, nikafungua makopo yangu. Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa, na ungekuwepo ungecheka hadi ushungi ukuanguke.

Kulikuwa na bwana mmoja amekaa kwenye benchi hatua chache tu, umri kama wa Hussain, mzungu, na mbwa wa manjano miguuni pake. Aliponitazama na mimi nikiwa na katlesi mkononi, ulimi ukaniponyoka wenyewe. Nikamwambia karibu, na kwa mkono nikamwonyesha mkeka, na kwa Kiingereza changu nikasema njoo ule. Wewe na mimi tunajua mtu akiambiwa hivyo anajibu nini. Anasema starehe. Anasema asante, nimeshakula. Hata kama tumbo linanguruma, anasema nimeshakula, na wewe unakuwa umefanya wajibu wako, na kila mtu anabaki na heshima yake.

Huyu akasimama, akavua viatu alipoona vyangu viko pembeni, akaketi.

Wifi, nilibaki nimeduwaa. Nyumba yetu ya Tanga imepitiwa na watu wangapi wakiambiwa karibu? Mpaka leo sijaona aliyekuja mara ya kwanza kuambiwa. Mbwa naye alitaka kuja, nikamwambia kwa Kiswahili abaki huko huko, na Mungu ni shahidi, akalala kwenye nyasi akanitii kuliko wajukuu zangu. Nikamimina chai. Bwana akala katlesi moja, akafumba macho. Akala ya pili. Chatne ilimtoa machozi, akaomba zaidi. Nilihesabu hadi sita, nikaona haya nikaacha kuhesabu. Nusu ya mkate wa kumimina ikaenda, na mimi nilikuwa nimepanga kipande kikubwa kiwe cha Hussain.

Jina lake aliniambia mara mbili, nikalisahau mara mbili. Ila alichosema baadaye sikukisahau. Nilimwambia nafurahi amekula vizuri, akacheka kidogo akitazama kikombe. Akasema hajakaa chini kula na mtu tangu mama yake afe, mwaka unapita. Nyumbani anakula amesimama, mbele ya sinki, kwa sababu akikaa mezani anakiona kile kiti kingine. Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akanisaidia kufunga makopo, akaniambia hupita pale na mbwa wake kila Jumamosi, akaenda zake.

Mimi sikuinuka. Nilikaa pale nikitazama mkeka, na masikioni nilikuwa namsikia Hussain. Nimeshakula, Ma. Nimeshakula, Ma. Miaka miwili sasa, tangu Shazia aondoke, mwanangu hajakaa mezani kwangu hata mara moja, na mimi nilikuwa nafikiri ana haraka. Nilimkasirikia hata, nikamwambia Zahira kijana amekuwa mzungu. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwona anatafuna kitu. Wifi, mimi ni mama, na sikuweza kukumbuka.

Nikatoa simu kwenye mkoba. Nilitaka kumuuliza jambo moja tu, amekula nini leo. Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya jina lake ndipo nikakumbuka sharti. Nikipiga, nyumba imekwenda. Hatasikia nimeuliza nini, atasikia tu nimepiga. Nikairudisha simu mkobani.

Kurudi niliamua kupanda tramu, ile inayopita barabarani pamoja na magari, kwa sababu kituo chake kiko hapo hapo bustanini na Zahira alisema inakatiza mji mzima. Mpango ulikuwa nishuke kwenye mtaa wa Wachina, nione mboga zao, kisha nitafute treni. Lakini jua lilikuwa linaingia dirishani, tumbo lina chai ya moto, na mimi niliamka saa kumi ya alfajiri. Unajua kilichotokea. Ni choroko tena.

Nilipofumbua macho, nje nikaona maduka ya sari, dhahabu kwenye vioo, mwanamke anachagua maembe, na mzee ananunua tambuu. Kwa muda kama wa pumzi tatu nilidhani niko Kisutu. Nikafurahi. Halafu nikaona kibao cha barabara kwa Kiingereza. Sikujua niko wapi. Sikujua nimelala muda gani. Sasa nilikuwa na sababu mbili za kumpigia Hussain, ile ya upendo na hii ya woga, na ya pili ilikuwa inajificha nyuma ya ya kwanza. Ile ya woga ndiyo iliyonizindua. Nikajiambia, Kanizfatema, ukipiga sasa utajidanganya kwamba ulitaka kujua amekula nini.

Nikaenda mbele kwa dereva. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. Nikamwambia nyumbani kwangu ni Pape na kisha basi. Akaniambia nimeshapita mjini kabisa, lakini nisiwe na wasiwasi, tramu hii mwisho wake ni kwenye stesheni ya treni, na kutoka hapo hadi Pape ni vituo vitano tu kwa mstari ule ule wa kijani. Vitano! Kumbe nilikuwa nimelala kuelekea nyumbani.

Nilipopata ujasiri huo, nikashuka. Kwa makusudi, wifi, hakuna aliyenishusha. Nikatembea mtaa ule wote wa Wahindi, nikagusa vitambaa nisivyonunua, nikabishana na muuza mboga kwa Kikutchi na yeye ananijibu kwa Kitamil. Nikanunua bamia changa, nyanya, na maembe manne. Bamia ni kwa sababu Hussain alipokuwa mdogo alikuwa akizila hata mbichi. Kisha nikapanda tramu nyingine ya namba ile ile, nikashuka mwisho, nikaachia punje tano.

Nilifika kwenye jengo letu saa kumi na mbili na nusu. Huku jua la wakati huu linazama saa mbili na kitu usiku, basi nilikuwa na muda wa kutosha hata wa kuringa. Kwenye lifti nilikuwa napanga maneno yangu. Nilitaka nimpigie Hussain nikiwa ndani tayari, nimevua viatu, nimwambie akatafute mwingine wa kumhamisha.

Mlango wa lifti ukafunguka, nikamwona. Amekaa chini kwenye ukumbi, mgongo kwenye mlango wangu, koti amelikunja kando, miguu ameinyoosha kama alivyokuwa akifanya akirudi skuli na kukuta sipo. Alikuwapo tangu saa nane mchana. Zahira alimkaribisha ndani mara tatu, anasema kila mara alijibiwa kwamba ameshakula.

Aliinuka haraka akanikumbatia, na mkeka ulikuwa katikati yetu. Nilisikia moyo wake unavyopiga. Maneno yote niliyoyapanga kwenye lifti yakanitoka. Nikamuuliza, "Umekula nini leo?"

"Nimeshakula, Ma."

"Nimekuuliza nini."

Nikamtazama usoni, nikaona jinsi mashavu yalivyokwisha. Nikamuuliza kule nyumbani kwake anakula amekaa au amesimama. Alinitazama kama mtu aliyefunuliwa shuka. Akasema kwa sauti ndogo, "Nasimama." Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, wifi, na mvi pembeni. Nilifungua mlango kwa shida, ufunguo ulikuwa haulioni tundu.

Meza yangu ilikuwa imejaa vyombo vya asubuhi, basi nikatandika mkeka wako sebuleni, juu ya zulia. Akakata nyanya, mimi nikapika bamia, tukala kwa mikono. Alikula sahani mbili na embe. Na alipokuwa anakula ndipo alipoanza kusema. Kwamba anawasha televisheni akiingia tu, ili kuwe na sauti ya watu. Kwamba chumba cha watoto amekifunga na hapiti upande ule. Kwamba jioni nyingine anaendesha gari tu, anazunguka, kisha anarudi. Halafu akasema, bila kunitazama, "Ma, mimi najua unaweza kukaa peke yako. Nilisema huwezi kwa sababu lile lingine lilikuwa gumu kulisema."

Hapo, Razia, nilikuwa tayari kusema basi. Nimeshinda, lakini ni mwanangu, nitahama. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Kisha nikaiona ile nyumba yake jinsi ilivyo saa nne ya asubuhi, yeye yuko kazini hadi jioni, na mimi niko jikoni peke yangu. Nikajiona nimesimama mbele ya sinki. Tungekuwa wawili tunaokula wima.

Unakumbuka nilikwambia ufunguo wa kaka yako sijawahi kuuondoa kwenye msumari wake karibu na mlango. Miaka mitatu nimeupangusa vumbi tu. Nikainuka nikautoa, nikamwekea Hussain kiganjani. Nikamwambia sihami, sharti ni sharti. Anayehama ni yeye. Kila Ijumaa akitoka kazini aje hapa, alale chumba cha baba yake, Jumapili aondoke ameshiba, na watoto wakija likizo awalete hapa hapa wajazane. Na siku akichelewa afungue mwenyewe, sitaki kukuta mtu ukumbini.

Aliutazama ule ufunguo. Nilidhani atabisha. Akatoa funguo zake za gari mfukoni, akauingiza kwenye pete ile ile.

Ninapokuandikia sasa ni asubuhi, na amelala. Nimefungua mlango kidogo ili nimsikie. Anakoroma kama marehemu, ule mkoromo unaoanza kama pikipiki ya zamani na kukata ghafla. Nimepanga Jumamosi ijayo anipeleke kwenye visiwa vya ziwani kwa pantoni. Nimesema anipeleke, lakini nimeshamwambia atatembea nyuma yangu hatua mbili.

Hiyo ndiyo habari yangu, na moyo wangu umetulia, wifi. Nilidhani jana nakwenda kupigania nyumba.

Nisalimie sana shemeji Kazim, na binti yako Ummulbanin na mumewe. Mwambie lile suala la jina la mtoto asilicheleweshe, na asimpe jina langu, ni refu sana kwa skuli za siku hizi. Wasalimie wote wa msikitini wanaonikumbuka, na wasionikumbuka wakumbushe. Ukienda makaburini kwa mama, msomee Alfatiha kwa niaba yangu, na mwambie katlesi zake zimefika Kanada na zimeshangiliwa.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya ya goti na masikio, na atukutanishe tena tukiwa tunaweza kucheka.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye tangu kabla hatujawa mawifi,

Kanizfatema

Nimesahau jambo moja. Ukimpata mtu anayekuja huku, nitumie mkeka mwingine. Huu wako ni mzuri, lakini jana mimi na Hussain magoti yetu yalikuwa kwenye zulia, na High Park tutarudi, na yule bwana wa mbwa hupita kila Jumamosi. Utafute mkubwa, wa watu wanne au watano. Sitaki niseme tena karibu, halafu mtu akose pa kuketi.